Dole la Msomaji

Taa ilikuwa ya kijani, na midomo ya mke wangu ilikuwa ya buluu.

Nilisimama mlangoni na bakuli la uji mkononi. Nikaangalia taa, nikaangalia midomo, nikarudi kwenye taa. Mashine ilikuwa ukutani palepale walipoifunga mwaka ule mgodi ulipofungwa, mrija wake umeshuka mpaka puani kwa Tupokigwe, na kioo chake kidogo kinasema HEWA SAWA. Vali ilikuwa inagonga kama kawaida. Ila mlio wake ulikuwa mfupi, kama mtu anayebisha hodi huku anaomba asifunguliwe.

"Usinitazame hivyo," alisema Tupokigwe. Alisema kwa vipande, akivuta hewa kati ya neno na neno. "Kama unataka kuniposa tena, sema."

"Unapumuaje?"

"Kwa pua."

"Tupo, sitanii."

"Mimi ndiyo natania. Lazima mmoja wetu atanie." Akafumba macho. "Kifua kimebanwa tangu juzi. Nilijua ni baridi."

Kila mtu pale Mwalukasi alisema ni baridi. Miezi ile tulizika mfululizo, wachimbaji wa zamani na wanawake waliofagia kinu cha kusagia mawe, na kila msibani walisema vumbi la mgodi limekomaa ndani ya watu, sasa linavuna. Nesi alikuwa anakuja, anatazama taa, anaikuta ya kijani, anaandika vumbi. Nani angeilaumu mashine? Programu yake haikuandikwa na binadamu. Iliandikwa na Mwandishi, akili ya kompyuta, na Mwandishi hachoki, halewi, hasahau. Ndivyo tulivyoambiwa, na kwa miaka mingi tuliona ni kweli.

Nikaweka uji chini, nikachukua Kurunzi.

Kurunzi niliiunda mwenyewe ndani ya kopo la biskuti. Nimezunguka sana. Nimetengeneza redio Kapiri Mposhi, nimelala kwenye vyumba vya injini za meli Beira, shule nimeisoma kipande huku kipande kule, na kila nilikokwenda nilikuta jambo lilelile: watu wanajua kuiambia mashine fanya hivi, hawajui kuiuliza unafanya nini. Kurunzi kazi yake ni kuuliza. Ina sindano tatu za cherehani. Unazigusisha kwenye miguu ya chipu, na kioo kinakuonyesha kilichomo kwenye kumbukumbu yake huku programu inatembea, bila kuisimamisha. Haibadilishi kitu. Inamulika tu.

Inakula betri, kwa sababu umeme wa ukutani una makelele, na makelele yakiingia kwenye chipu utasoma uongo. Betri yenyewe ilikuwa ya mashine ya Tupokigwe. Alinipa kwa mkono wake. "Chukua," aliniambia, "umeme wenyewe siku hizi haukatiki, inakaa humo kufanya nini?" Mji mzima ulifanya hivyo. Tulipoletewa umeme wa mvuke wa ardhini, ule usiojua kukatika, betri za mashine za hewa zilihamia kwenye spika za baa, kwenye pikipiki, kwenye mashine za kutotolea vifaranga.

Nilifungua kifuniko nikagusisha sindano. Ndani ya kila mashine kuna namba inayopanda tangu inapowashwa. Ndiyo saa yake. Vali inaitazama saa hiyo: mgonjwa alivuta lini, sasa ni lini, basi nimpe kiasi gani. Nilisubiri namba ibadilike. Haikubadilika. Ilikuwa imejaa mpaka tarakimu ya mwisho na imesimama hapo, kama debe lililofika ukingoni.

Nilielewa nikiwa nimepiga magoti palepale. Vali inaangalia saa iliyosimama, inaona hakuna muda uliopita. Inadhani mtu huyu anavuta pumzi juu ya pumzi, kama mbwa aliyetoka kukimbia, na Mwandishi aliandika kwamba mtu wa namna hiyo apewe kidogo, asipasuke mapafu. Basi inampa kidogo. Na kwa kuwa vali imetii ilichoambiwa, taa inawaka kijani.

Nikachomoa plagi, nikairudisha. Mashine ikazima, ikawaka. Namba ikaanza: moja, mbili, tatu. Vali ikafunguka kwa kishindo, na Tupokigwe akavuta hewa mpaka mabega yakainuka kitandani.

"Weee!" alisema. "Hewa yote hiyo ulikuwa umeificha wapi?"

Nilicheka. Nilikuwa bado nacheka namba iliporuka. Ilikuwa haijafika hata mia, mara ikajaa tena mpaka ukingoni, kwa mruko mmoja. Vali ikarudi kubisha hodi.

Tupokigwe alinitazama. Alivuta blanketi akasema, "Nenda karakana. Uji nitaunywa."

Nilijua hatakunywa.

*

Injinia Subilaga ndiye aliyekuwa mkuu wa karakana inayotoa mashine zile, binti wa hapohapo Mwalukasi, amesoma mbali akarudi. Nilimkuta peke yake. Mafundi wengine walikuwa msibani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Subilaga, mashine zinaua watu."

Mwingine angenicheka. Yeye alivuta stuli, akachukua Kurunzi mkononi mwangu, akasoma nilichokuwa nimehifadhi, akarudia kusoma.

"Iliruka baada ya kuwaka," alisema. "Basi imeambiwa na jirani."

"Jirani gani?"

"Mashine zinaulizana saa kwa mawimbi ya redio. Zamani umeme ulikuwa mdogo, zikivuta zote kwa pamoja transfoma inapiga shoti. Kwa hiyo Mwandishi aliziandikia zipokezane zamu, na ili zipokezane lazima ziwe na saa moja. Iliyoamka inauliza majirani ni saa ngapi, inachukua ile kubwa kuliko zote."

"Kwa hiyo nikiizima ya kwangu peke yake..."

"Zile nyingine zinaijaza tena."

"Lakini mashine hizi zina miaka. Mbona hazikujaa zamani?"

Alikuwa anaitazama balbu juu ya benchi la majaribio.

"Mzee, taa hii ilizimika lini mara ya mwisho?"

"Hata sikumbuki."

"Ndiyo hivyo." Alikaa taratibu kama mtu mwenye maumivu ya mgongo. "Umeme ulikuwa unakatika kila siku. Ukikatika, unakatika mji wote, na mashine zote zinaanza upya kwa pamoja kutoka sifuri. Hakuna iliyowahi kuishi muda wa kutosha ikajaa. Mgawo wa umeme ndio uliokuwa unatuponya."

"Na benchi lako? Si mlizijaribu hapa?"

"Benchi letu liko wapi, mzee? Liko Mwalukasi." Alicheka, kicheko kibaya. "Jaribio likianza, umeme unakatika. Desturi yetu ilikuwa, umeme ukirudi tunaanza upya, na kama mpaka ulipokatika hapakuonekana kosa, tunahesabu limefaulu. Tungesubiri siku ya umeme mzima, tusingetoa mashine hata moja. Na Mwandishi alijifunza kwetu. Aliona majaribio yetu yote ni mafupi, akaandika programu ya maisha mafupi."

Alivuta kibodi akamwambia Mwandishi kwa maneno ya kawaida, kama unavyomwagiza mtu sokoni: saa inajaa na kusimama, rekebisha. Sijamaliza hata kufungua koti, programu mpya ikawa imefika. Benchi likaimeza, likaipiga majaribio yake yote, na taa zikawaka kuanzia juu mpaka chini. Kijani tupu.

"Amebadilisha nini?" niliuliza.

"Vyote."

"Saa tu ndiyo mbovu."

"Ndivyo alivyo. Hashoni kiraka, anafuma nguo upya."

Karakana ilikuwa na sheria ya zamani, ya wakati ambapo binadamu ndio walioandika. Programu haiendi hewani bila madole mawili kwenye kioo cha meza ya kurushia programu: dole la anayetuma na dole la aliyeisoma. Tangu Mwandishi aje, dole la msomaji lilikuwa la yeyote aliye karibu na meza. Fundi bomba aliwahi kuliweka akiwa na andazi mkononi. Hakuna aliyeona ajabu. Ungesoma nini? Ni maandishi marefu kama njia ya kwenda Kongo, na hayakuandikwa yapendeze jicho la mtu.

Subilaga aliweka dole lake. Kioo kikang'aa nusu.

"Weka na wewe, mzee."

"Sijasoma."

"Hakuna anayeweza kuisoma. Ukianza leo utaimaliza wajukuu wangu wameolewa."

"Basi tuijaribu kwenye mashine moja."

"Haiwezekani. Zinaongea. Moja ikisema lugha yake itaziharibu nyingine, au nyingine ziiharibu. Ni zote au hakuna."

"Hii ya sasa nayo benchi lilisema kijani."

Aligonga kioo kwa ukucha. Kisha akasema polepole, "Unajua tukikaa hivi wanakufa."

"Najua. Mmoja wao nimemwachia uji."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka kujua!" Nilipaza sauti mpaka mwenyewe nikashtuka. "Hii ya zamani inawabana polepole, na angalau sasa tunajua kwa nini. Hiyo mpya kama ina lake, itawapata wote siku moja, mapafu yote ya mji huu, na sisi tutakuwa tumekaa hapa tunatazama taa ya kijani."

Alipiga simu kituo cha umeme. Aliyepokea alikuwa Hongoli, mkuu wa mtambo, mtu wa maneno machache. Subilaga alimweleza yote, akamwomba azime mji mzima kwa dakika moja.

"Dakika moja?" Sauti ya Hongoli ilijaa chumba. "Mdogo wangu, huu si mshumaa. Nikiuzima mvuke unatoka, mabomba yanapoa, mpaka uje uwake ni jioni. Watu wenu wana betri?"

Subilaga aliitazama Kurunzi pale mezani. Mimi nikatazama dirisha.

"Wachache," alisema.

"Basi unaniomba mimi niwaue badala yenu." Hakukata simu. Tulimsikia anapumua, mtu mwenye mapafu yake mazima, na sisi tumekaa tunamsikiliza.

Nje, kilima cha pili, mtoto alikuwa anamwita mwenzake, na sauti ilifika kwetu safi kama yuko uani. Nikakumbuka. Nikamuuliza Subilaga, "Zamani umeme ukirudi tulikuwa tunafanyaje?"

Alinigeukia. Hakuna mtu wa Mwalukasi asiyejua. Umeme ukirudi, wa kwanza kuona taa anapiga ukelele, wa kilima cha pili anaupokea, wa tatu anaupokea, mpaka milima yote inapiga kelele, watu wazima na akili zao.

"Wachomoe wenyewe," alisema. "Wote kwa pamoja."

*

Tulitangaza kwenye redio ya mji na kwenye spika za misikiti na makanisa. Ukisikia "umekatika", chomoa plagi ya mashine yako. Ukisikia "umerudi", chomeka. Usichomeke kabla. Mwenye betri, mashine yake itaanza upya kwa betri na haitasikiliza majirani mpaka irudi ukutani, kwa maana ikiwa kwenye betri inabana matumizi. Asiye na betri atakaa bila hewa kati ya ukelele na ukelele. Avumilie. Alama yenyewe hatukuiachia redio, maana nyumba hii inaipata mapema, ile inachelewa, nyingine redio imekufa. Ukelele wa kilima hadi kilima hata aliyesinzia anaujua.

Mara ya kwanza nilikuwa nyumbani. Ukelele ulikuja kutoka bondeni, "Umekatikaaa!", ukapita juu yetu ukaenda. Nikachomoa. Tupokigwe alinishika mkono, kucha zikazama. Macho yake yalikuwa darini na kifua kinapanda na kushuka bila kupata kitu. Nilitamani kurudisha plagi ile kama mwenye njaa anavyotamani chakula. "Umerudiii!" Nikachomeka. Sifuri. Moja. Mbili. Hewa ikaja.

Tukasubiri huku tumetazama kopo la biskuti, mume na mke, kama watu wanaotazama mpira.

Namba ikaruka, ikajaa.

"Kuna mtu hakuchomoa," nilisema.

"Mmoja tu?"

"Mmoja anatosha kuzijaza zote."

Simu ikalia. Subilaga alikuwa analia na hafichi. "Mzee, Mama Sekela wa bondeni amezimia plagi ikiwa nje. Wamemzindua kwa taabu. Watu wanasema hawachomoi tena, wanasema tunawafanyia majaribio. Na kweli tunawafanyia. Dole langu bado liko kwenye kioo. Nakuomba, baba. Nakuomba njoo."

Hajawahi kuniita baba.

Tupokigwe alisikia yote. "Mwekee binti wa watu dole lake, Anyimike," alisema. Jina langu lote. Huwa ananiita msafiri. "Nimechoka. Ikiwa nzuri, nzuri. Ikiwa mbaya, nitapumzika."

Ningependa kusema nilikuwa na msimamo. Sikuwa nao. Nilikuwa na kopo, na kopo lilikuwa linaonyesha mashine iliyojibu. Kurunzi hunasa pia mawimbi ya mashine zinapoongea; ukiigeuza hivi sauti inafifia, ukiigeuza vile inakuwa kali. Ilikuwa kali kuelekea juu, kwenye mashamba ya pareto.

"Mara moja zaidi," nilimwambia Subilaga. "Naenda kuitafuta hiyo moja. Waambie watu mara moja tu. Ikiruka tena nakuja kuweka dole, sitauliza kitu."

"Unaapa?"

"Naapa."

Kisha nikamtazama mke wangu. Hakukuwa na wa kumwachia. Kila nyumba mtaani ilikuwa na mgonjwa wake. Niliunga waya wa kurefushia, nikauleta mpaka juu ya kitanda, plagi na soketi vikakaa kando ya mkono wake.

"Ukisikia umekatika, vuta. Ukisikia umerudi..."

"Mimi mtoto?"

"Usipochomoa wewe, itakuwa ni mashine yako inayojaza nyingine."

"Nimesikia. Na nisipochomeka?"

Nilisogeza soketi karibu zaidi na vidole vyake.

"Nenda, msafiri," alisema. "Kuondoka ndiyo kazi unayoijua."

*

Nyumba ya juu kabisa ilikuwa ya Asumwisye, aliyekuwa mtoboa miamba mgodini zamani, mjane, mkali kidogo. Kila mtu alidhani ameenda kwa mwanawe Makambako. Kurunzi ilipiga kelele nilipofika mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba ndani. Niliusukuma kwa bega, na kabla sijaona kitu harufu ikanipokea.

Alikuwa amekaa kwenye kiti, kofia kichwani, mrija puani. Mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani. Ukutani juu yake taa ilikuwa ya kijani. HEWA SAWA. Vali ilikuwa inagonga, inampa kidogo kidogo mtu ambaye hahitaji tena, na kila mashine mjini ilipouliza ni saa ngapi, hii ndiyo ilijibu.

"Samahani, kaka," nilisema, nikachomoa.

Ilizima, ikawaka tena yenyewe. Kisha nikafungua kifuniko na kuiona betri, imefutwa vumbi, imekazwa vizuri. Huyu mzee peke yake mtaa mzima hakuwa ameiamini habari ya umeme usiokatika. Nikaing'oa. Vali ikagonga mara ya mwisho na nyumba ikanyamaza.

Sasa nilikuwa na betri mkononi, nzima, imejaa. Na nyumba yangu ilikuwa inaonekana chini ya kilima, paa lake la bati, mwendo wa kuteremka tu. Ningeipeleka kwanza. Ningeifunga kwenye mashine ya Tupokigwe, na yeye asingekaa hata nukta bila hewa.

Simu ikalia. "Umeipata?" Subilaga alikuwa hana sauti. "Mzee, Sekela ameniambia mama yake haoni vizuri tena. Watu wamekubali mara moja. Wameshika plagi mkononi sasa hivi. Nikiwachelewesha wataachia. Uko tayari?"

Nilitazama paa la bati.

"Tayari," nilisema.

"Uko juu kuliko wote. Anza wewe."

Nilitoka nje ya nyumba ya Asumwisye nikasimama kwenye pareto. Nimeita watu bandarini, nimeita magari, nimeita majina ya vituo kwenye treni. Sijawahi kuita kitu kizito kama kile.

"Umekatikaaaa!"

Kilima cha pili kikapokea. Cha tatu. Sauti za wanawake, za wazee, za vijana, zikashuka bondeni na kupanda ng'ambo. Chini kule, chini ya bati lile, mkono ulikuwa unavuta plagi kwa sababu mimi nimeita. Kurunzi ikanyamaza. Hapakuwa na mashine hata moja hewani. Nikasali Baba Yetu polepole, ndicho kipimo cha muda tulichokuwa tumekubaliana, na nilipofika kwenye mkate wetu wa kila siku nilitaka kuruka maneno. Sikuruka.

"Umerudiiii!"

Zikaanza kuamka. Kumi, ishirini, mia, zote zikiulizana saa, na hakuna iliyokuwa na saa ya kujibu isipokuwa sifuri. Moja. Mbili. Tatu. Nilitazama namba kwenye Kurunzi mpaka ikapita mia, ikapita mia mbili. Haikuruka.

Maana yake Tupokigwe alichomoa. Kurunzi iliweza kuniambia hilo tu. Kama alichomeka, mlio wake ulikuwa umezama katikati ya milio ya mji mzima, na mimi sikuwa na njia ya kuutenganisha.

Niliteremka kile kilima kama jiwe. Nilianguka kwenye viazi vya mtu, nikainuka. Watu walikuwa milangoni wanacheka na kulia, mmoja akanipungia mkono, sikumrudishia.

Alikuwa amelala upande. Plagi ilikuwa mkononi mwake, vidole vimeizunguka, na soketi iko shubiri moja mbele yake kwenye blanketi. Shubiri moja ndiyo iliyomshinda.

Nikaichukua plagi vidoleni mwake nikaikandamiza ndani. Mashine ikawaka. Taa ya kijani ikaja. Sikuitazama. Niliweka kiganja kifuani pake nikasubiri. Vali ikafunguka kwa kishindo, ikafunga. Ikafunguka tena. Chini ya kiganja changu hapakuwa na kitu, kisha hapakuwa na kitu, kisha pakainuka kidogo. Pakashuka. Pakainuka.

Ilichukua muda mpaka afumbue macho. Midomo ilikuwa bado buluu pembeni. Alitazama kilichokuwa chini ya kwapa langu.

"Betri ya nani hiyo?"

"Ya Asumwisye."

Alifikiri. Alielewa kwa nini ninayo. "Masikini," alisema. Kisha, baada ya pumzi nyingine, "Iweke humo. Hiyo nyingine baki nayo, kopo lako lina kazi."

Nikaiweka. Subilaga alipiga simu wakati nakaza kifuniko. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala chini sakafuni.

"Mama Sekela hakuvuka, mzee."

Nilikuwa nimesimama pale na mke anayepumua.

"Mashine nyingine zote zimetulia," aliendelea. "Lakini saa zinapanda. Ikipita miezi kama ile, zitajaa tena. Watu hawatachomoa tena, najua. Na programu mpya bado iko hapa. Dole langu nimelitoa. Ungeweka asubuhi, mama yake Sekela angekuwepo. Au wote wasingekuwepo. Sijui. Wewe unajua?"

"Sijui."

"Nifanye nini nayo?"

"Niletee. Kuanzia mwanzo kabisa."

Alikuja mwenyewe kabla jua halijazama, na rundo la karatasi zilizochapwa, akaliweka juu ya kitanda, akakaa kwenye stuli bila kuvua viatu. Milimani bado walikuwa wanapiga kelele umerudi, kilima kinapokea kilima, maana hakuna aliyekumbuka kuwaambia waache. Nikavaa miwani. Nikasoma mstari wa kwanza. Sikuuelewa. Nikausoma tena, kiganja changu kikiwa bado kifuani kwa Tupokigwe.